Watu Ishirini na Watatu Niliowafuta

Keki ilikuwa kubwa, na nusu yake niliila peke yangu siku nne mfululizo. Mliosoma wiki jana mnaijua hiyo.

Kwa uliyekosa gazeti: mimi ni Raheli, mtakwimu, mtoto wa Singida. Nililetwa Mtwara na mkataba wa mradi mmoja wa utafiti ambao jina lake nalihifadhi. Nimepanga chumba Magomeni. Mchumba wangu Elia aliacha kupokea simu zangu mwezi wa tatu. Wenzangu ofisini waliacha kunisubiri wakati wa chakula mwezi wa nne. Mwezi wa nane nikaandika ripoti iliyomfurahisha bosi wangu, Dakta Lukasi, mpaka akanunua keki. Watu wakala, wakapiga picha, wakaondoka wawili wawili. Mimi nikabaki nafuta meza.

Leo naungama kilichokuwemo ndani ya ripoti ile.

Kazi yetu haikuwa ngumu kuieleza. Kuna vipimo viwili vya damu vya kutambua kifua kikuu, cha zamani na kipya. Kila kimoja kinatafuta alama yake kwenye damu. Sisi tulitakiwa kusema kipi kinawaona wagonjwa vizuri zaidi. Unachukua mtu mmoja, unampima kwa vyote viwili, halafu unapeleka makohozi yake maabara, vijidudu vioteshwe vionekane. Makohozi ndiyo hakimu.

Mtu yuleyule, vipimo viwili. Roho ya kazi iko hapo. Ukilipima kundi hili kwa kipimo hiki na kundi lile kwa kile, hujalinganisha vipimo, umelinganisha watu. Hilo nalijua hata ukiniamsha usingizini.

Aprili tulikwenda Kitaya, kijiji cha mpakani kando ya mto Ruvuma, tukachukua damu na makohozi ya watu mia mbili na wanne waliokuwa wanakohoa. Kipimo cha zamani kikafanyika. Kabla ya kile kipya, umeme ukakatika siku mbili, jenereta ikagoma, damu ikaharibika kwenye friji. Ikabidi turudi Julai kuwatoboa watu upya.

Wakaja mia mbili na wanne. Niliporudi ofisini na kuingiza majina, kompyuta ikaunganisha ya Aprili na ya Julai. Majina ishirini na matatu ya Aprili hayakuwemo Julai. Majina ishirini na matatu ya Julai hayakuwemo Aprili.

Ishirini na tatu, na ishirini na tatu! Mtoto wa darasa la pili angeuliza. Mimi mwenye shahada mbili sikuuliza.

Mnajua niliwaza nini? Tulikuwa tunatoa miche miwili ya sabuni kwa kila anayechangia damu. Nikasema moyoni, hawa wamedandia sabuni. Wale wa mwanzo wamechoka kutobolewa, ndugu zao wamekuja kujaza nafasi. Nikawafuta wote, wa Aprili na wa Julai. Kidole kimoja tu kwenye kompyuta. Kisha nikaenda kuchemsha chai.

Kumbe kati ya wale wa Aprili, makohozi ya watano yalikuwa na TB. Ofisi ilimtuma mtu na pikipiki awatafute. Akarudi jioni vumbi mpaka kwenye kope.

"Dada Raheli, hakuna watu wa majina hayo. Kila nyumba wamenikatalia. Mmoja alitaka kunipiga na mchi."

Nikaandika "hakupatikana" mara tano. Dakta Lukasi akagonga muhuri.

Na wale wa Julai, waliotobolewa kabla sijawashuku, walikuwa wameshapewa karatasi za majibu ya kipimo kipya palepale. Kila karatasi ina sahihi yangu. Moja nilimkabidhi binti wa miaka kumi na minne aitwaye Zawadi.

Huyu lazima niwaambie. Siku ile nzima watu walikuwa wanakuja mezani, wananyoosha kidole, wanaondoka. Zawadi alirudi. Akanikuta nimekaa mwenyewe nyuma ya gari, akaniletea muhogo wa kuchemsha kwenye sahani ya bati.

"Dada, kwenu wapi?"

"Singida."

"Nani anakupikia Mtwara?"

"Najipikia."

"Unakula na nani?"

Nikacheka nisilie. Akakaa na mimi mpaka nikamaliza, anakohoa kidogo kidogo akigeuzia uso pembeni kwa adabu. Nami nikamwambia, kwa kinywa changu hiki, "Usiogope, mdogo wangu. Kipimo kimesema wewe mzima."

Miezi mitatu hakuna mtu mwingine aliyeniuliza ninakula na nani.

Basi ripoti ikaandikwa kwa watu mia na themanini na mmoja waliobaki. Wagonjwa kumi na wawili. Kipimo kipya kiliwaona kumi na mmoja, cha zamani tisa. Dakta akapiga makofi. Sasa, vipimo vikikubaliana, hapo hujifunzi kitu. Unawatazama wale ambao kimoja kimewaona na kingine kimewakosa. Walikuwa wanne tu. Watatu upande wa kipya, mmoja upande wa zamani. Tatu kwa moja! Rusha shilingi mara nne, inaweza kukuangukia hivyohivyo. Nilimwambia Dakta hatuna haki ya kutangaza mshindi.

"Raheli," akasema, "wewe andika tu kwamba kipya kimeongoza. Kwani ni uongo?"

Nikaandika. Kilikuwa kimeongoza kweli.

Jumamosi iliyopita nikatumwa Kitaya kutoa mrejesho kwa wananchi. Mwenyeji wangu alikuwa Salma, mhudumu wa afya wa kijiji. Mara ya mwisho nilimwona Aprili akiwa na tumbo kubwa. Julai yote alikuwa ndani na arobaini yake, kwa hiyo safari ile tulifanya kazi bila yeye. Safari hii alikuwa na mtoto mgongoni.

Watu walijaa kwenye uwanja wa zahanati. Salma akaingia ndani kunyonyesha. Nikabaki na kipaza sauti.

Na hapo nikapata akili yangu ya kijinga. Nikasema, kwa nini nisiwatafute wale waliopotea? Kijiji kizima kipo hapa. Nikatoa orodha ya Aprili nikaanza kusoma majina ishirini na matatu, kwa sauti ya kutosha, nikiyarudia mara mbili mbili ili wasikie vizuri.

Jina la kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu, mwanamke mmoja akasimama akashika kichwa. Kufika la tano, msichana aliyekaa mbele akajifunika kanga uso mzima akaanza kulia. Nikadhani wamefiwa. Nikaendelea kusoma! Jamani, nikaendelea.

"Mnyang'anyeni hicho kitu!" mzee mmoja akapiga kelele.

Salma akatoka mbio, titi nje, mtoto analia, akanipokonya kipaza sauti.

"Dada Raheli, una wazimu? Unawaita wali majina ya utotoni? Mbele za watu?"

Akanivuta ndani ya zahanati akafunga mlango. Nje kulikuwa kunachemka.

"Sikiliza," akasema, bado anahema. "Huku kwetu mtoto akitoka jandoni au unyagoni ni mwali, anatoka na jina jipya. Lile la zamani limekwisha. Halitajwi. Ukimwita kwa jina hilo umemtukana yeye na mama yake, na watu wanatozwa faini kwa hilo. Mwaka huu wametolewa mwezi wa sita."

"Mwezi wa sita," nikasema.

"Likizo ya shule. Kila mwaka."

Aprili. Juni. Julai. Nikakaa chini kwenye sakafu, maana kiti sikukiona.

"Salma, hawa ni walewale."

"Walewale nani?"

"Ishirini na watatu wa Aprili na ishirini na watatu wa Julai. Sikuwa na wadandiaji. Nilikuwa na watoto wenu."

Nikamsihi anisaidie kuwaunganisha. Alikataa kwanza, akageukia ukuta. Nilipomwambia kuna watano wenye TB ambao hawajui, akageuka.

"Nitafanya mara moja tu," akasema. "Sitamki jina hata moja. Na hakuna kupiga picha. Uniapie."

Nikamwapia. Nikaziandika orodha zote mbili kwenye karatasi moja, kushoto majina ya Aprili, kulia ya Julai. Salma akachukua kalamu akavuta mistari, mmoja baada ya mwingine, midomo imefungwa kabisa. Mstari wa kumi na saba ulianzia kwenye jina lenye makohozi ya TB. Ukaishia kwa Zawadi.

Jina lake la utotoni siliandiki hapa. Nililisoma kwenye kipaza sauti mara mbili, inatosha.

Nikapiga hesabu upya kwa mkono. Kati ya wale wagonjwa watano, kipimo cha zamani kiliwaona wote watano. Kipya kilimwona mmoja, ambaye alishaanza dawa kwa jina lake jipya. Wanne wamebeba karatasi zenye sahihi yangu kwamba wao ni wazima. Sasa kipya kina watatu wake, cha zamani kina watano, yule mmoja wa mwanzo na hawa wanne. Hakuna mshindi hapo. Kuna kipimo kinachowapita watoto wa rika hili kama hakiwaoni, na ripoti yangu imekisifia.

Nikampigia Dakta Lukasi. Simu ilinasa mtandao wa ng'ambo mara mbili kabla haijashika wa kwetu. Nikamweleza yote. Akaniuliza:

"Nani mwingine ana hiyo orodha ya mistari?"

"Hakuna. Iko moja."

"Ichane."

"Dakta!"

"Wape wagonjwa wako dawa kimyakimya, sikukatazi. Lakini maboksi ya kipimo kipya yanaanza kusambazwa wiki ijayo, wakubwa wameshasoma ripoti. Na kumbuka, sahihi kwenye zile karatasi si yangu. Ni yako."

Akakata. Hata kwaheri hakunipa, na yeye ndiye mtu pekee aliyekuwa bado ananipigia simu kwa wema.

Salma akachukua nyumba tatu. Mimi nikaenda kwa Zawadi.

Mama yake anaitwa Mama Idrisa. Nilimkuta uani, sufuria ya mihogo juu ya mafiga, Zawadi pembeni anamenya. Binti alikuwa amekonda mpaka mifupa ya bega inahesabika. Hakuniangalia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyetutukana leo?"

"Ni mimi. Naomba radhi."

Nikamweleza. Alisikiliza bila kuacha kuchochea moto. Nilipomaliza aliingia ndani akarudi na karatasi yangu, ameifunga kwenye nailoni kama cheti cha kuzaliwa.

"Sahihi hii ya nani?"

"Yangu, mama."

"Basi nnakuuliza. Siku ile ulimwita kwa jina lake, ukampa hii, ukasema mzima. Leo umemwita kwa jina alilolivua, mbele ya kijiji, unasema mgonjwa. Uliongopa lini?"

"Siku ile," nikasema. "Sikujua kuwa naongopa. Lakini nilikuwa na nafasi ya kuuliza, sikuuliza. Niliwadharau."

Mama Idrisa akaiangusha ile karatasi chini, kando ya Zawadi, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

Zawadi akasema polepole, kisu bado mkononi, "Yule wa pikipiki nilimsikia. Alisimama pale akaita jina. Nilikuwa natwanga. Nilijua ananiita mimi. Ningeitikaje?"

Mama yake akafumba macho.

"Anapona?" akaniuliza.

"Anapona. Dawa ni miezi sita. Gari liko zahanati, naondoka naye leo."

"Zawadi, nenda kajiandae." Binti akaingia ndani. Mama Idrisa akanyoosha mkono. "Sasa ile karatasi yenye mistari."

"Mama?"

"Imeweka majina ya zamani na mapya pamoja. Hicho kitu hakiwezi kutoka kijijini hapa. Mtoto nakupa. Karatasi nipe mimi."

Nikaitoa kwenye mkoba. Ndiyo ushahidi wote niliokuwa nao. Bila hiyo, ishirini na watatu wangu wanabaki wadandiaji wa sabuni milele, na maboksi yanakwenda, na kuna kijiji kingine ambako mtu ataambiwa "wewe mzima" na msichana kama mimi mwenye kalamu. Kuipiga picha nilikataa mwenyewe kwa kiapo. Na Dakta angekula keki nyingine.

Lakini binti aliyeniuliza ninakula na nani alikuwa hatua kumi kutoka kwangu na mapafu yanamwishia.

Nikampa.

Akaikunja mara mbili akaisukuma chini ya sufuria. Haikuchukua muda. Ikawa imekwisha, na mimi nikajiona mwepesi, na mjinga, na nimefanya sawa, vyote kwa pamoja.

"Zawadi!" Mama Idrisa akaita. "Twende."

Kimya.

"Zawadi!"

Tukaingia. Mkeka, ndoo, kanga kwenye kamba. Mlango wa nyuma uko wazi.

Jirani aliyekuwa anaanua nguo akatuonyesha kwa kidevu. "Kapita sasa hivi, anakimbia. Kaelekea mtoni."

"Kwa shangazi yake," mama akasema. "Ng'ambo." Akaanza kukimbia, mimi nyuma yake, viatu mkononi. Akaniambia njiani, pumzi zinakatika, "Baba yake aliingia hospitali na kifua hichohicho. Kwa miguu yake. Hakutoka. Zawadi ndiye aliyempelekea uji siku ya mwisho."

Hayo nayo sikuuliza.

Tulipofika ukingoni mtumbwi ulikuwa umeshapita katikati ya Ruvuma. Mpiga kasia mmoja, magunia mawili, na yeye, kichwa kimefungwa kanga.

"Zawadi!" Nilipiga kelele mpaka koo likaniuma. "Zawadi, mdogo wangu, rudi!"

Aligeuka. Alinitazama vizuri tu, nami nikamwona anavyonitazama. Safari hii nilimwita kwa jina lake lenyewe, na hakuitika. Akageuza uso kule alikokuwa anakwenda.

Nikaingia maji mpaka magotini. Mkono ukanishika. Askari wa doria.

"Dada, hapa huvuki. Toka majini."

"Yule mtoto ana TB! Hajaanza dawa! Akipotelea huko atakufa!"

Askari akamtazama mama aliyekuwa amepiga magoti mchangani, akaona si mchezo. Akachomoa redio yake kiunoni.

"Tulia. Tunawasiliana na wenzetu wa ng'ambo. Watampokea akishuka, wampeleke zahanati moja kwa moja. Nipe jina lake."

"Zawadi," nikasema haraka.

"Ana karatasi yoyote mwilini?"

Mama Idrisa akapapasa kanga yake, kiunoni, kifuani. Ile ya nailoni haikuwepo. Binti alikuwa ameiokota akaondoka nayo.

"Anayo," nikasema. "Ina jina hilo. Inasema ni mzima."

"Sasa, dada, wakimpekua wakikuta anaitwa Zawadi na Zawadi ni mzima, watamzuia kwa lipi? Kuna majibu ya hospitali yanayosema anaumwa?"

"Yapo."

"Yana jina gani?"

Watu walikuwa wameanza kujaa ukingoni, walewale waliokuwa uwanjani asubuhi. Wengine walikuwa na wali wao, wale watoto wa mwezi wa sita, pembeni. Mama Idrisa aliinuka akaja kusimama nyuma yangu, mkono wake begani kwangu. Sikujua kama ananisukuma au ananizuia.

Mtumbwi ulikuwa umebakiza kidogo kugusa ng'ambo.

Nikamsogelea askari, nikamnong'oneza lile jina la Aprili.

Akainamisha sikio, akatikisa kichwa, akaniletea redio mdomoni.

"Sema mwenyewe, dada. Na useme kwa sauti. Hii redio inakoroma."